Mshiriki wa Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na haikubisha hodi. Chumba tulichopewa pale zahanati kinavuja kwenye kona ya dirisha, hivyo mwanzo wa utafiti wangu niliutumia kusogeza viti na kutafuta ndoo. Profesa anataka kila mwanafunzi wake aandike shajara kwa muda wote wa utafiti. Hatazisahihisha. Anasema ni mahali pa kumwaga yaliyo moyoni yasije yakamwagikia kwenye takwimu. Haya, namwaga.

Tangazo nililobandika mlangoni lilisema: "Wazazi waliofiwa na mtoto, karibuni kwenye ushauri nasaha wa kikundi. Hakuna malipo." Wazazi. Wamekuja watu kumi na mmoja, wote akina mama. Kila mmoja alijaza hojaji kabla ya kuanza, na watajaza nyingine siku ya mwisho. Kisha nitawahoji mmoja mmoja, na kutokana na majibu yao nitasema kama ushauri wa kikundi unawasaidia wazazi walio kwenye msiba. Ndiyo kazi yenyewe, kwa ufupi. Kwa urefu ni miaka mitatu ya maisha yangu.

Mmoja wao, ambaye humu nitamwita Mama Pacha kwa kuwa amebakiwa na pacha mmoja kati ya wawili, alikwama kwenye swali la kwanza: "Una watoto wangapi?" Akaninong'oneza, "Mwalimu, niandike waliopo au wote?" Hojaji hiyo niliitunga mimi mwenyewe, na swali hilo nalijua linavyochoma, maana nami huulizwa. Nikamwambia aandike wote.

Nyumbani mume wangu aliuliza, "Wamekuja wangapi?" Nikamwambia. "Si haba," akasema, akarudi kwenye feni ya jirani aliyokuwa ameifumua juu ya meza ya chakula.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Jumatano, 13 Machi

Profesa ameniita ofisini. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu anayeita watoto kutoka mtaa wa pili, na hana desturi ya kuzungusha maneno.

"Kichwa cha utafiti wako kinasema nini?"

"Ushauri nasaha wa kikundi kwa wazazi waliofiwa."

"Na kwenye hojaji hizi nimekutana na nani?"

"Akina mama."

"Akina mama gani?"

Akanijibia mwenyewe, akihesabu kwa vidole. "Wanaokaa jirani na zahanati. Wanaojua kusoma tangazo. Wenye nafasi asubuhi ya siku ya kazi. Na ambao tayari wanaamini kwamba kusema kunasaidia. Mwenzangu, umeonja mchuzi wa juu bila kukoroga, unataka kutangaza chumvi ya chungu kizima."

Kwa hiyo nichague. Nibadilishe kichwa kiseme akina mama, na hilo si aibu, au niwatafute akina baba. "Ila usimsemee mtu ambaye hukumwuliza," alisema wakati nafunga mlango.

Jioni, tukila, nikamsimulia mume wangu. Hakushangaa hata kidogo.

"Hawatakuja," alisema.

"Nani?"

"Wanaume. Umepanga viti duara. Mwanamume akiona viti vya duara anajua kuna kesi, na mshtakiwa ni yeye."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini kunichekesha hivyo. Akaendelea, akichora kwa kidole juu ya meza. Niwafuate waliko, kwenye stendi ya malori na kwenye karakana, jioni baada ya kazi. Na nisiwe mimi ninayeuliza. "Mwanamke akiuliza, mtu anajibu anachodhani mwanamke anataka kusikia. Tafuta mtu mzima mwenzao, asiye na haraka."

Alisema "wao" na "wanaume" kana kwamba yeye ni kiumbe wa aina nyingine. Sikumwuliza. Ni desturi ya nyumba yetu.

Na kwa kuwa humu namwaga, nimwage na hili. Binti yetu alifariki miaka minne iliyopita, akiwa na miaka sita na nusu. Alikuwa na jina la bibi yake, lakini kila mtu alimwita Chiriku, kwa kuwa alisema kuanzia anapoamka hadi usingizi unapomkatiza katikati ya sentensi. Ilianza kama homa ya kawaida. Mume wangu hakulia, wala hospitali wala makaburini. Watu wakamsifu: mwanamume ni jabali. Siku ya tatu baada ya mazishi nilikuwa nimekaa sakafuni kati ya wanawake, nikamwona akikatiza uani na mkoba wake wa spana. Alikuwa anakwenda kutengeneza friji la duka la dawa. Friji! Kuna mlango ulijifunga ndani yangu wakati ule. Nilijiambia kwamba kwake hakuna kilichokatika. Mwaka uliofuata nikaanza kusomea ushauri nasaha.

Jumamosi, 16 Machi

Nimempata mtu. Ni muuguzi mstaafu aliyefanya kazi wodi ya wanaume maisha yake yote, na naye alimzika mwanawe wa kwanza. Anatembea kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Nilimfundisha taratibu sebuleni kwake. Asiulize jina, kila mshiriki apewe namba. Awaambie mapema kwamba sauti yao inarekodiwa, kwamba atakayeisikiliza ni mimi mtafiti peke yangu, na kwamba yanayosemwa pale yanabaki pale.

Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Mwanangu, nikiona mtu anazama, niendelee kurekodi?"

"Hapana, Mzee. Zima mashine, umshike mkono."

"Ah," akasema. "Hiyo kazi naijua."

Ijumaa, 22 Machi

Hajapatikana hata baba mmoja. Kwenye kikundi cha leo niliwauliza akina mama kuhusu waume zao. Mama Pacha alisema, "Wangu? Ukimtajia mtoto anatoka nje kwenda kuosha pikipiki. Tena si yake!" Wote wakacheka. Halafu kicheko kikaisha, na hakuna aliyejua pa kutazama.

Jumanne, 2 Aprili

Wa kwanza amepatikana: dereva wa lori. Muuguzi alikaa naye kwenye kibanda cha stendi, na kwenye rekodi nasikia mvua ikipiga bati muda wote, hivyo ilibidi niinamie mashine kama ninayesikiliza siri ukutani. Nayanakili hapa maneno yake, maana siwezi kuyatoa kichwani:

"Mimi nilirudi barabarani upesi. Shemeji zangu wakasema sina moyo. Mzee wangu, pale nyumbani kila aliyeingia alikwenda kumshika mama mtoto. Mimi nilipewa pole ya mlangoni, halafu nikaulizwa maturubai yanarudishwa lini. Nikaona nimekuwa mgeni kwenye msiba wangu mwenyewe. Barabarani angalau usukani ni wangu."

Nilisimamisha rekodi, nikaenda dirishani. Nilijaribu kukumbuka siku zile kwetu, nani alimshika mume wangu. Namkumbuka akibeba viti. Namkumbuka akiwaelekeza watu choo kilipo. Namkumbuka akiulizwa maji ya kunywa yako wapi, na akijibu. Nilitafuta katika kumbukumbu hizo mtu mmoja aliyemkalisha chini, na sikumwona. Wala mimi simo.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Mume wangu ana mafua. Nimemchemshia maji. Hatukusema kitu.

Alhamisi, 11 Aprili

Mambo yamefunguka. Dereva alimleta fundi cherehani, fundi cherehani akamleta mlinzi wa ghala, mlinzi akaleta wawili, nao kila mmoja akaleta wengine wawili. Tumefika tisa. Profesa amefurahi kwa namna yake, yaani amefurahi na kugomba papo hapo. "Watu wanaoletana hufanana," alisema. "Bado hujawapata wale wasio na wa kuwaleta. Lakini endelea. Fikisha kumi na wawili, na useme wazi umewapataje."

Nimewasikiliza wote tisa. Mmoja anakumbuka uzito wa mtoto mkononi kuliko sura yake. Mwingine hajarudi kupita barabara ya shule. Mlinzi alisema aliomba zamu za usiku ili alie kazini, mahali ambapo analipwa kukaa macho na hakuna anayemwuliza kwa nini macho ni mekundu. Nikija nyumbani namtazama mume wangu akinawa mikono yenye grisi, polepole, kidole kwa kidole, nami nahisi kama nimepanga chumba kimoja na mtu nisiyemfahamu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mtaro mkubwa umefurika na barabara ya zahanati haipitiki. Kikao kimevunjika. Akina mama waliondoka mapema, nami nikabaki barazani na hojaji zangu ndani ya mfuko wa plastiki, nikitazama maji yakipanda ngazi. Mara namwona mtu anakuja katikati ya maji, yamemfika magotini, ameinua mabuti yangu juu ya kichwa kama mhudumu wa hoteli aliyebeba sinia.

"Kuna mtu hapa ameagiza mabuti?"

Alinishika mkono njia nzima. Tulitembea tukipapasa kwa miguu, kwa kuwa mashimo hayakuonekana.

"Umefikisha wangapi?" aliuliza.

"Tisa. Nataka kumi na wawili."

"Na wewe ndiye unayewasikiliza?"

"Mimi peke yangu. Mzee anarekodi, mimi nasikiliza."

"Wote?"

"Wote. Neno kwa neno."

Akapunguza mwendo. Nilidhani anatazama njia.

Jumamosi, 20 Aprili

Jana Muuguzi aliniletea rekodi ya mshiriki wa kumi. Leo mchana nikiwa peke yangu katika ofisi ya chuo, nikaiwasha. Sauti ya Muuguzi ikaeleza taratibu zetu, kama kawaida. Kisha mtu akakohoa, na mkono wangu ulijua kabla sijajua, maana kikohozi kile nimekichemshia maji wiki mbili zilizopita.

"Jina nisiseme?"

"Usiseme."

"Haya. Alikuwa binti. Alikuwa na maneno mengi."

Nikazima.

Mashine ilionyesha kwamba rekodi ina urefu wa karibu saa nzima. Miaka minne nimeomba robo saa. Sikuomba kwa mdomo, nakiri, lakini niliomba kwa kila njia nyingine anayoijua mwanamke: kwa kununa, kwa kukaa karibu, kwa kupika mapema, kwa kutokupika. Sikupata kitu. Na huyu mzee asiyemjua hata jina amepewa karibu saa nzima, kwenye kibanda, chini ya bati.

Niliona wivu. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Niliona wivu kama niliyefumania.

Kisha nikaona hofu. Yote niliyoyatafuta yalikuwa pale chini ya kidole changu. Kama alimpenda. Kama alinilaumu mimi kwa kuchelewa kumpeleka hospitali. Kama aliwahi kulia, na wapi. Ningebonyeza tu. Lakini aliahidiwa siri, na aliyeahidi ni mimi kwa mdomo wa Muuguzi. Mtu akimwamini mtafiti halafu mtafiti akageuka kuwa mke wake, hiyo si haki. Niliifunga mashine kwenye droo, nikaweka ufunguo mfukoni, nikatembea nyumbani kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

Alikuwepo. Akaniuliza, "Kazi?"

"Inaendelea," nikasema.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemweleza Profesa. Hakugomba. Alifunga mlango kwanza.

"Muuguzi hakumjua?"

"Hawajawahi kuonana. Alikuja mwenyewe kibandani, akasema amesikia kwa dereva."

"Atoke kwenye sampuli. Mume wa mtafiti si mshiriki, ni mume. Mwambie kwanza, sauti ni yake, umwulize anataka ifanyweje. Kisha ndipo ifutwe." Akaniangalia. "Na wewe? Nani anakusikiliza wewe?"

"Shajara," nikasema.

Hakucheka.

Jumatano, 24 Aprili

Nimeifuta. Najua nimeambiwa nimwambie kwanza. Lakini jana nilifungua ile droo, na leo nimeifungua tena, na leo mashine ilikuwa tayari mkononi. Nilifuta kwa kujiogopa. Sasa hakuna cha kunishawishi, nami nimeilinda siri yake. Najisikia msafi na mgonjwa kwa pamoja.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimemwambia leo alasiri. Mvua kubwa, taa zimezimika, yeye yuko mezani karibu na dirisha akifunga soketi mpya kwenye waya wa mteja.

"Mshiriki wa kumi alikuwa wewe," nikasema.

Hakuinua uso. "Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si ulisema hamuulizi majina?"

"Profesa amesema haiwezekani. Ni kanuni. Mume wangu hawezi kuwa kwenye utafiti wangu. Itabidi utoke."

"Umenitoa."

"Si mimi, ni—"

"Nimeelewa. Ulinisikiliza?"

Swali hilo nililisubiri kwa majivuno, nikiri, kama mtoto aliyefagia bila kutumwa. "Sikukusikiliza. Nilipotambua sauti yako nilizima pale pale. Naapa. Siri yako ni yako."

Akaweka bisibisi mezani. "Ulizima."

"Nilizima."

"Kwa nini?"

Sikuelewa swali. Nikaanza kueleza tena habari za kanuni, akaniinulia mkono, si kwa ukali, kama mtu anayesimamisha gari.

"Mwalimu. Ulisema unawasikiliza wote. Neno kwa neno. Na yule mzee alinihakikishia kabla hajawasha: atakayesikiliza ni mtafiti mwenyewe. Ndiyo maana nilikwenda. Mimi sikwenda kwa yule mzee. Nilikwenda kwako." Alikuwa anasema polepole, na macho yote kwenye ile soketi. "Nikikutazama usoni siwezi. Nimejaribu, siwezi. Nikaona nikipitia kule, yatakufika."

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Nilitamani isipungue, ili kuwe na kitu kinachosema badala yangu.

"Basi kasikilize sasa," alisema. "Kama nimeshatoka kwenye utafiti wako, sasa ni yangu. Nimekuruhusu. Kasikilize, hatutakuwa na haja ya kuulizana."

"Nimeifuta," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

Kisha akachukua bisibisi, akakaza skrubu iliyobaki, akavuta waya kuona kama umeshika. "Imekubali," akasema, kama anavyowaambia wateja. Akasimama, akavaa koti la mvua, akatoka.

Jumapili, 28 Aprili

Amekwenda kwa mama yake. Kuna chumba cha baridi cha soko cha kutengeneza huko, na kazi ni ya kweli, niliisikia kwenye simu. Lakini mbali na mkoba wa spana alichukua na begi la nguo.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Chakula cha mtu mmoja hakina kipimo. Kila siku nakosea.

Alhamisi, 2 Mei

Leo nimefanya jambo ambalo nikilisikia kwa mwanafunzi ninayemfundisha chuoni ningemfukuza darasani. Nilikwenda kwa Muuguzi. Nilimkuta akifuta maji barazani kwake, nikamwambia kabla hata ya salamu kutulia, "Mzee, niambie alichosema mume wangu. Hata kidogo."

Aliegemeza fagio ukutani. "Yule alikuwa mumeo?"

Nikamweleza yote. Alivuta kiti, akanikalisha, akakaa.

"Mwanangu, siku ya kwanza ulinifundisha wewe mwenyewe. Yanayosemwa pale yanabaki pale."

"Najua nilichokufundisha."

"Basi usinifundishe kingine leo."

Nililia hapo barazani, mbele ya wapita njia, na sikujali. Hakunizuia. Nilipomaliza alisema, "Lake siwezi kukupa. Nikupe langu. Nilipotoka kumsikiliza yule bwana nilikwenda nyumbani nikamketisha mke wangu, tukamtaja kijana wetu. Ni miaka mingi hatujamtaja. Ndiyo nguvu aliyokuwa nayo." Akainuka, akachukua fagio lake. "Mfuate ukamwulize. Akikunyima, angalau atakuwa ameulizwa."

Jumatatu, 6 Mei

Kikao cha mwisho cha akina mama. Tisa wamejaza hojaji ya pili, na karibu wote mzigo wao umepungua. Mama Pacha aliniomba radhi kwamba wiki hii ameweza kucheka. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa natazama viti viwili vitupu. Wawili waliacha katikati ya mvua na hawapokei simu. Je, waliacha kwa sababu walipona, au kwa sababu tuliwaumiza? Sijui. Nimeanza kujifunza kuliandika neno hilo bila kulipamba: sijui.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda kwa mama mkwe wangu. Alinipokea mlangoni, akanipokonya mkoba, akaniangalia juu hadi chini.

"Umekuja kumchukua au kumgombeza?"

"Kumwuliza, Mama."

"Hilo ni jipya," akasema. "Yuko kule nyuma ya soko, kwenye friji lao kubwa. Mpelekee na sweta, maana hasikii la mtu."

Nilimkuta ndani ya chumba cha baridi, amepiga magoti mbele ya mashine, geji ya kupimia gesi mkononi. Pumzi yake ilikuwa inaonekana. Nilimpa sweta, akalivaa bila kusema. Nikakaa juu ya kreti tupu.

"Nimekuja kukuuliza kuhusu binti yetu," nikasema. "Uliyosema kule. Au mengine. Utakalo."

Aliweka geji chini. Niliona anajaribu. Midomo ilifunguka, ikafumba, ikafunguka tena. Nimewaona watu wengi wakitafuta neno, ni kazi yangu, lakini sijawahi kumwona mtu akilitafuta kwa mwili mzima vile.

"Siku ile yalikuwa yamejipanga," alisema hatimaye. "Nilikaa nayo siku nyingi nikiyapanga. Nikamaliza yote. Sasa nikifungua mdomo linatoka moja, mengine yanakimbia."

"Basi nisikilize mimi."

Nikamwambia kwamba siku aliyobeba mkoba wake wa spana nilimwona. Kwamba nilimchukia siku ile, nikaendelea kumchukia kimya kimya huku nikimpakulia chakula. Kwamba nilimhukumu kwa siku moja, mimi ninayewafundisha watu kwamba siku moja si kitu. Na kwamba katika wote waliokuja na kuondoka msibani, mimi pia sikumpa pole.

"Pole, mume wangu," nikasema. "Pole kwa kufiwa na mtoto."

Aligeuza uso kwenye ukuta wa barafu. Mabega yake yalianza kutikisika, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, kama ya mtu anayesukuma kitu kizito. Nilipiga magoti nyuma yake nikamshika. Tulikaa hivyo mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

Alipopata sauti alisema hili tu: "Lile friji la duka la dawa lilikuwa limekufa. Ndani mlikuwa na dawa za watoto. Zingeharibika."

Nilisubiri mengine. Hayakuja.

Jumapili, 19 Mei

Amerudi nyumbani. Nisijidanganye kwamba sasa tunasema. Kuna jioni tunakaa mezani na hakuna linalotoka, naye ananitazama kama anayeomba radhi. Karibu saa nzima ile imekwenda. Yapo aliyoyasema mara moja tu maishani mwake, na aliyeyasikia si mimi.

Jumamosi, 25 Mei

Nimewasilisha rasimu. Kichwa kimekuwa kirefu na kimekosa madaha: kinataja akina mama tisa na akina baba kumi na mmoja wa eneo moja, na namna walivyopatikana. Mshiriki wa kumi hayumo. Namba kumi na moja imesogezwa juu na nafasi imezibwa, kama ilivyo kanuni. Profesa alisoma ukurasa wa mipaka ya utafiti akiwa amesimama. Nimeandika humo kwamba siwezi kuwasemea walioacha, wala wasio na wa kuwaleta, wala wale ambao hawakupata mtu wa kuwauliza.

"Umejifunza," alisema. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Pole kwa ulicholipia."

Jumamosi, 1 Juni

Jua wiki nzima. Matope yamekauka, na mabuti ya mume wangu yamepasuka soli, hivyo tulikwenda pamoja kununua mengine. Alijaribu jozi moja, akatembea nayo hadi mwisho wa duka, na hakurudi. Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya rafu ya viatu vya shule.

"Chiriku sasa angekuwa anavaa namba ngapi?" aliuliza.

Nilitazama viatu. "Thelathini na tatu," nikasema.

"Thelathini na tatu? Mtoto wa miaka kumi na zaidi? Thelathini na tano. Alikuwa na miguu yangu."

"Alikuwa na miguu ya mama yangu. Myembamba, midogo."

"Wewe hukumfunga kamba za viatu asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga. Mguu ule naujua."

Muuzaji alitusikia, akaja anatabasamu, akateremsha jozi mbili, moja ya kila namba. "Mtoto mwenyewe yuko wapi tumpime?"

"Alifariki," mume wangu akasema. Alisema akimtazama usoni. "Tunabishana tu."

Yule mwanamke aliangalia viatu mikononi mwake, akatuangalia sisi. Hakuvirudisha juu. Aliviweka vyote kwenye benchi mbele yetu, akaenda kuwahudumia wengine. Mume wangu akachukua kimoja cha thelathini na tano, akaingiza vidole ndani kupima kisigino, akasema hata hiki kingembana kidogo. Nikamwambia hajui anachosema.

Akakaa kwenye benchi, akanisogezea nafasi, akaanza kunieleza.